Usimame Wapi Uuone Mnara wa Eiffel: Jibu kwa Msomaji wa Ilazo

Msomaji mmoja anayeishi Ilazo, hapa Dodoma, na kufanya kazi katika Mji wa Serikali Mtumba, ameniandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Katikati ya Novemba ofisi inanipeleka Paris kwa mafunzo ya siku tano. Nitakuwa huru Jumamosi kuanzia saa nane mchana na Jumapili kutwa nzima, kisha Jumatatu alfajiri narudi. Sina kamera, nina simu tu. Kila mtu ananitajia sehemu yake ya kuutazama Mnara wa Eiffel hadi nimechanganyikiwa. Kwa muda huo mfupi, nisimame wapi ili niuone vizuri, na nipate walau picha moja ambayo mama yangu ataitundika ukutani?"

Marahaba, binti yangu, na hongera kwa safari. Swali lako limenifurahisha kwa sababu umetaja mwezi na saa. Wengi huuliza mahali tu, na swali la mahali peke yake halina jibu la kweli, kwa kuwa kona ileile inayotoa picha ya kupendeza jioni inaweza kukupa kivuli cheusi asubuhi. Ndiyo maana sitaanza na orodha ya sehemu za kusimama. Nitaanza na jua, maana jua la Paris halitembei kama jua letu, na mtu aliyekulia Dodoma hupotoshwa na mazoea yake kabla hajapotoshwa na ramani.

Sisi tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Kwetu jua huchomoza saa kumi na mbili na dakika kadhaa mwaka mzima, huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na adhuhuri huwa juu ya vichwa vyetu. Hata mwezi wa Juni, linapokuwa chini kuliko miezi mingine yote, mchana bado hupanda hadi nyuzi 60 juu ya upeo wa macho. Paris iko karibu nyuzi 49 kaskazini mwa ikweta. Huko, mwishoni mwa Juni jua huzama inapokaribia saa nne usiku, na mwishoni mwa Desemba huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, baada ya kupanda nyuzi 18 tu adhuhuri. Katikati ya Novemba, utakapofika, litachomoza mnamo saa mbili asubuhi, mashariki likiwa limeelemea kusini. Litajikokota chini chini upande wa kusini bila kuzidi nyuzi 23. Kisha litazama saa kumi na moja na dakika kumi hivi jioni, magharibi likiwa limeelemea kusini vilevile. Saa zote ninazozitaja kuanzia hapa ni za huko, na kwa mwezi huo Paris iko nyuma yetu kwa saa mbili.

Hali hiyo ina faida kubwa. Hapa nyumbani mimi na wanafunzi wangu hufungasha kamera tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, kwa sababu mwanga wa utosini hutia vivuli vizito machoni pa watu na kuzifanya kuta zionekane bapa. Paris ya Novemba haina mchana wa namna hiyo. Mradi mawingu yamefunguka, mwanga huja kwa ubavu kutwa nzima, nao ndio unaozitenganisha nondo na mihimili ya mnara moja moja hadi uone jinsi ilivyosukwa. Ubaya wake ni kwamba jua hilo la chini likiwa mbele yako, huingia moja kwa moja kwenye lenzi, wala huna mti wala paa la kukukinga.

Ubaya huo niliupata mimi mwenyewe katika safari yangu ya kwanza, mwezi wa Januari. Nilidamka, nikafika kwenye uwanja wa Trocadéro saa tatu na nusu asubuhi, nikiamini kwamba asubuhi ni asubuhi popote pale. Nilikuta jua limekaa katikati ya miguu ya mnara kama taa iliyoning'inizwa pale kwa makusudi. Nilipiga picha zaidi ya arobaini, na zote zilitoka na mnara mweusi tii, anga jeupe lisilo na kitu, na madoa ya mwanga yaliyotapakaa chini. Nilikuwa nimesomea upimaji wa ardhi kabla sijaingia kwenye kazi ya picha, kwa hiyo jioni ile nilichukua karatasi, nikachora mnara katikati, nikaweka pande za dunia, nikapiga mstari wa jua kwa kila saa. Mchoro huo ndio ninaokupa hapa kwa maneno.

Mto Seine hupita kaskazini-magharibi mwa mnara. Ng'ambo ya mto, upande huohuo, kuna kilima cha Chaillot chenye uwanja wa Trocadéro. Upande wa pili wa mnara, yaani kusini-mashariki, kuna bustani ndefu ya Champ de Mars inayoishia kwenye chuo cha kijeshi kiitwacho École Militaire. Ukifuata mto unakoelekea, kusini-magharibi utafika daraja la Bir-Hakeim. Ukiufuata unakotoka, upande wa mashariki utafika daraja la Alexandre III. Sehemu hizo nne, zikipangwa kwa jua la Novemba, zinatosha muda wote ulio nao, na ningekusihi usiongeze ya tano mpaka umezimaliza.

Jumamosi ukishatoka kwenye mafunzo, nenda Bir-Hakeim, na ufike kabla ya saa tisa na nusu. Daraja hilo lilijengwa kati ya mwaka 1903 na 1905, na baadaye likapewa jina la mapigano ya mwaka 1942 huko Libya. Lina ghorofa mbili: juu hupita treni ya metro, chini hupita magari, baiskeli na watu kwa miguu, na katikati kuna safu ndefu ya nguzo za chuma zinazoibeba reli. Karibu na katikati ya daraja kuna kibaraza kilichochomoza juu ya maji kuelekea mnara, chenye sanamu ya mpanda farasi. Ukisimama hapo na kuutazama mnara, unaelekea kaskazini-mashariki. Na jua la Novemba likizama, huzama karibu kabisa nyuma ya mgongo wako. Maana yake ni kwamba kwa saa nzima ya mwisho ya mchana, mwanga wote unauangukia mnara usoni. Rangi yake, ambayo ni ya kahawia iliyochanganyika na njano, huanza kung'aa kama shaba iliyosuguliwa, na hapo ndipo utakapoelewa kwa nini nakupeleka huko kwanza wakati kila mtu anakutajia Trocadéro.

Usiishie kwenye kibaraza. Rudi kwenye njia ya katikati, simama kati ya nguzo za chuma, uone jinsi zinavyojipanga na kupungua ukubwa kadiri zinavyokwenda mbali, kisha utafute upenyo ambamo mnara unaonekana kati ya nguzo mbili. Gusa nguzo mojawapo. Utahisi kwa kiganja vichwa vya ribiti (pini nene za kuunganishia vyuma), vya mviringo, baridi, vimepangwa kwa mistari. Na mnara ulio mbele yako umeshikwa hivyohivyo, kwa ribiti milioni 2.5 zinazounganisha vipande 18,038 vya chuma. Treni ikipita juu ya kichwa chako daraja lote hutetemeka kidogo. Subiri itulie ndipo upige picha, la sivyo mistari itakuwa na ukungu.

Hapa niseme neno kuhusu umbali, maana ndilo jambo la pili ambalo watu hulikosea. Mnara una urefu wa mita 330. Uufikirie mnara wa simu wa mita 55, kisha uweke sita kama huo, mmoja juu ya mwingine. Ukiusogelea sana, itakubidi uinue simu kuelekea mbinguni, na papo hapo mistari yake itaanza kuinama kwa ndani kana kwamba mnara unaangukia nyuma. Ukisimama umbali usiopungua mita 600 hivi, na ukaishika simu wima bila kuilaza nyuma, lenzi kuu ya simu nyingi za kisasa huuchukua mnara wote, kuanzia miguu hadi ncha. Bir-Hakeim ni karibu mita 600 kutoka mnarani, na Trocadéro vilevile. Kwa hiyo ukiwa katika sehemu hizo mbili, dawa ya mnara unaoinama ni kushusha mkono, wala huhitaji lenzi nyingine.

Jua likishazama, usiondoke haraka kama tunavyoondoka hapa kwetu. Dodoma giza huingia upesi. Dakika ishirini na kidogo baada ya machweo tayari unatafuta tochi. Paris ya Novemba huchukua zaidi ya nusu saa kupita kutoka mwanga hadi giza, na katika kipindi hicho anga hugeuka buluu nzito ambayo haitokani na programu yoyote ya simu. Tumia dakika hizo kuhamia Trocadéro. Ukitoka mwisho wa daraja upande wa kaskazini-magharibi utakuta kituo cha metro cha Passy. Panda treni ya njia namba 6, kituo kinachofuata ni Trocadéro penyewe. Ukipenda kutembea, ni mwendo wa dakika ishirini hivi.

Trocadéro ndipo panapojulikana kuliko pote, na sifa yake ni ya haki, ila kwa mwezi wako ni mahali pa jioni. Ukiwa hapo unatazama kusini-mashariki, na asubuhi ya Novemba jua hupita nyuma ya mnara kama lilivyonifanyia mimi Januari. Alasiri huwa limehamia mkono wako wa kulia, na baada ya machweo halina neno tena. Uwanja huo uko kati ya mbawa mbili za jumba la Chaillot, lililojengwa kwa ajili ya maonesho ya mwaka 1937. Humo ndimo Umoja wa Mataifa ulipopitisha Tamko la Haki za Binadamu tarehe 10 Desemba 1948, nami siku zote nikisimama pale hutulia kidogo kabla ya kutoa simu. Fika mapema, uende mbele kabisa hadi kwenye ukingo, kwani ukibaki nyuma utapiga picha za visogo vya watu.

Taa za mnara huwashwa giza likiingia, na baada ya hapo kila saa kamili taa 20,000 humeremeta kwa dakika tano. Kwa Jumamosi yako, uwe umeshajipanga kabla ya saa kumi na mbili kamili jioni. Dakika hizo tano ni nyingi kuliko unavyodhani: piga picha katika dakika ya kwanza, kisha uishushe simu uangalie kwa macho, na dakika ya mwisho urekodi video kidogo, kwa sababu kumeremeta hakuonekani kwenye picha iliyotulia. Kumbuka pia kwamba tangu Septemba 2022 taa huzimwa mapema kuliko zamani ili kubana matumizi ya umeme, hivyo usijiwekee mpango wa kuziona usiku wa manane.

Ikiwa mvua imenyesha, na Novemba hunyesha mara kwa mara, usisikitike. Sakafu ya Trocadéro ni ya mawe laini, na maji hutuama katika mabonde madogo yasiyozidi upana wa sinia. Chuchumaa, geuza simu juu chini ili lenzi ikaribie maji kabisa, kiasi cha upana wa kidole, na hapo kidimbwi hicho cha sinia kitakuwa ziwa lenye mnara mzima uliopinduka, taa na vyote. Katika picha zangu zote za Paris, ninayoipenda zaidi nimeipata kwa namna hiyo, magoti yakiwa yamelowa.

Tahadhari moja: mahali pale pana vibaka, na pana watu wanaochezesha kamari ya vikombe vitatu na kipira kimoja. Wale wanaoonekana kushinda mara nyingi ni wenzao. Usisimame kuangalia hata kwa udadisi, maana mikono inayokupekua huja kutoka nyuma wakati macho yako yako kwenye vikombe. Mkoba uwe mbele ya tumbo. Wachuuzi wanaouza minara midogo iliyotungwa kwenye pete kubwa za waya ni watu wa kawaida wa kutafuta riziki, na wengi wametoka Afrika Magharibi. Ukisema asante bila kusimama, inatosha.

Jumapili asubuhi nenda upande wa pili, Champ de Mars, na uanzie mwisho wa mbali, kwenye École Militaire, kwenye saa mbili na nusu. Hapo uko karibu mita 850 kutoka mnarani, jua linachomoza nyuma yako kwa upande wa kulia, na mnara unapokea mwanga wa kwanza kuanzia kichwani kushuka chini. Siku ya ukungu mwepesi utaona ncha yake tu imewaka, na miguu bado imelala kwenye kijivu. Tembea polepole kuelekea mnarani kwa kufuata njia za pembeni zenye miti, si katikati, kwa sababu miti hiyo, ambayo kwa wakati huo itakuwa imepukutisha majani karibu yote, hukupa fremu ya matawi pande zote mbili. Nyasi za katikati mara nyingine huzungushiwa uzio zikipumzishwa, kwa hiyo hutakosa kitu.

Bustani hiyo ndiyo asili ya mnara. Maonesho ya kimataifa ya mwaka 1889 yalifanyika hapo, na mnara ulijengwa kuwa lango lake. Kazi ilianza Januari 1887 na kukamilika Machi 1889. Tunauita kwa jina la Gustave Eiffel, mwenye kampuni, lakini wahandisi walioubuni ni Maurice Koechlin na Émile Nouguier, na msanifu aliyeupa matao ya chini na umbo la kupendeza ni Stephen Sauvestre. Nakuambia haya kwa sababu ukitembea kutoka École Militaire hadi miguuni pake, unapita njia ileile ya uwanja wa maonesho, na unaona mnara ukikua hatua kwa hatua.

Ukifika chini yake, pita. Kuna ukaguzi wa usalama, na uzio wa vioo na vyuma kuzunguka eneo lote, lakini kuingia uwanjani chini ya mnara hakuna kiingilio. Tiketi ni ya kupanda tu. Simama katikati kabisa, chini ya ghorofa ya kwanza, utazame juu wima. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya karibu ninayoithamini kwa picha, kwa kuwa huko mistari haiinami bali inakutana. Kuhusu kupanda, mimi huwaambia wanaokuja na siku moja na nusu waache. Ni uzoefu mzuri, lakini foleni inaweza kumeza nusu ya siku, na ukiwa juu ya mnara unaiona Paris yote isipokuwa kile ulichokuja kukiona.

Mchana wa Jumapili jua litakuwa kusini. Hapo ndipo wengi hukimbilia juu ya tao la Arc de Triomphe, ngazi 284, mita 50 kwenda juu. Kutoka hapo mnara uko kusini moja kwa moja, kama mita 1,700. Adhuhuri ya Novemba utauona kama kivuli. Nenda huko safari nyingine, wakati wa kiangazi jioni. Jengo refu la Montparnasse, lenye mita 210, hutazama mnara likiwa kusini-mashariki yake, na kwa mpangilio wa mji ndilo lenye mandhari pana kuliko yote, ila limepangiwa ukarabati mkubwa, kwa hiyo uhakikishe kwanza kama limefunguliwa. Paa la duka la Galeries Lafayette ni la bure na linafaa kwa chai ya mchana. Na wakikuambia uende kwenye ngazi za kanisa la Sacré-Cœur huko Montmartre, ujue kwamba kutoka ngazi zile za mbele mnara hauonekani vizuri. Ni lazima upande kwenye kuba la kanisa au uzunguke pembeni. Kuna pia vichochoro vya karibu, hasa Rue de l'Université, ambako mnara hujitokeza mkubwa kati ya nyumba mbili. Picha zake zimeenea sana mitandaoni, na kwa sababu hiyo foleni ya kupiga picha barabarani ni ndefu.

Badala ya kuzunguka kote huko, mchana huo ningekushauri upande metro njia namba 6 kutoka Passy kwenda Bir-Hakeim, ukae au usimame upande wa kushoto wa treni. Safari ya kuvuka mto ni fupi sana, na mnara hupita dirishani ukikatizwa na vyuma vya daraja lilelile ulilosimama chini yake jana. Ni raha ya bei ya tiketi moja, na abiria wa kila siku, waliokwisha kuuzoea, bado utawaona wakiinua macho kutoka kwenye simu zao.

Machweo ya Jumapili nimekuwekea daraja la Alexandre III, lililozinduliwa kwa maonesho ya mwaka 1900. Liko karibu kilomita moja na nusu mashariki mwa mnara, limejengwa chini makusudi ili lisizibe mandhari, na lina taa za shaba na sanamu zilizopakwa dhahabu. Hapa tunafanya kinyume cha yote niliyosema kuhusu kuliweka jua nyuma yako. Kutoka daraja hilo mnara uko magharibi kwa kuelemea kusini, na katika juma la kwanza la Novemba jua huzama karibu kabisa nyuma yake. Katikati ya mwezi, utakapokuwapo, litakuwa limesogea kidogo tu kushoto kwa mnara, kiasi cha nusu ya ngumi. Kivuli cheusi kilichoniudhi Trocadéro, hapa ndicho tunachokitafuta: mnara mweusi, anga la chungwa, taa za daraja zikianza kuwaka mbele. Gusa kwenye kioo cha simu sehemu ya anga iliyo jirani na jua, si jua lenyewe, kisha ushushe mwanga kidogo hadi rangi zishibe. Mnara utaonekana mdogo kwa umbali huo. Kama simu yako ina lenzi ya kuvuta ya mara mbili au tatu, itumie, lakini usivute kwa vidole zaidi ya hapo, maana picha ya ukutani ikishakuzwa huonesha kila chembe iliyoharibika. Nadhani picha ya mama itatoka hapa au Bir-Hakeim.

Kama mawingu yatafunika siku zote mbili, na inawezekana, geuza mpango: acha machweo, na uzipe nguvu zako zote saa ya buluu na taa za usiku, ambazo hazihitaji jua. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa kuwa baridi hupunguza chaji haraka. Novemba ya Paris ni baridi kuliko Julai yetu, na vidole vikikufa ganzi huwezi kubonyeza kitu. Droni usifikirie kabisa, zimepigwa marufuku angani mwa Paris. Na kuhusu sheria unayoweza kuwa umeisikia, ni kweli kwamba mpangilio wa taa za usiku una hakimiliki, lakini hiyo inamhusu anayetaka kuziuza au kuzitumia picha hizo kibiashara. Ya ukutani kwa mama haina tatizo.

Kabla hujasafiri, fanya zoezi moja hapo Ilazo Jumamosi ijayo. Tafuta mnara wa simu ulio mahali pa wazi, usiwe ndani ya eneo la serikali. Nyoosha mkono mbele, ukunje ngumi. Ngumi ya mkono ulionyooshwa ni karibu nyuzi 10. Weka ngumi moja juu ya nyingine kuanzia shina la mnara, ukirudi nyuma hatua kwa hatua, hadi mnara wote ujae ngumi tatu. Hapo umesimama Trocadéro na Bir-Hakeim. Endelea kurudi hadi ujae ngumi mbili: hapo ni mwisho wa Champ de Mars. Ngumi moja na kidogo ni daraja la Alexandre III. Katika kila kituo piga picha simu ikiwa wima, bila kuilaza. Fanya hivyo saa moja asubuhi jua likiwa nyuma ya mnara, kisha urudi saa kumi na mbili kasorobo jioni usimame palepale. Ukimaliza, nitumie picha sita pamoja na hesabu ya hatua zako, nami nitakurudishia kila moja na alama ya pale simu ilipoinama.